Kipaji cha mfanyakazi na ari ya kazi: uzibe mapengo, ugawe kazi upya, au umwachie mwenyewe?

Kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza, wakuu wa vitengo hukaa na watu wao kupanga malengo. Kinachowatatiza wengi si malengo bali watu wenyewe: mmoja anafanya kazi kwa moyo, mwingine anafika, anasaini, anahesabu saa mpaka muda wa kutoka. Fungu la mafunzo ni dogo. Litumike kuwanoa watu pale wanapopwaya? Au majukumu yapangwe upya ili kila mmoja afanye zaidi kile anachokiweza? Au waachwe wajipangie wenyewe?

Njia zote tatu zina watetezi, na zote zina mahali zinapofaa. Hapa nazipitisha kwenye vigezo vilevile ili wewe unayesita uone ipi inakubaliana na mazingira yako. Msimamo wangu nautaja mapema ili uusome ukiujua: kumtambua mtu kipaji chake hakubadilishi kitu mpaka ratiba yake ya wiki ibadilike. Kwa hiyo swali la kuanzia ni nani hasa, hapo ulipo, ana mamlaka ya kuigusa ratiba hiyo.

Ari ni nini, na kipaji kinaingiaje?

Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani William Kahn aliwachunguza washauri wa kambi ya vijana na wafanyakazi wa kampuni ya usanifu majengo, akauliza ni wakati gani mtu anajitia mzima kwenye kazi na ni wakati gani anajificha ndani yake. Alipata mambo matatu: mtu aone kazi ina maana, ajisikie salama kuwa yeye mwenyewe bila kuadhibiwa, na awe na nguvu za mwili na akili za kutosha siku hiyo. Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli wa Chuo Kikuu cha Utrecht na wenzake wakatoa kipimo chenye maswali 17 kinachoitazama ari kwa sura tatu: nguvu, kujitolea kwa moyo, na kuzama kazini hadi muda upite bila kuhisi. Baadaye kilifupishwa hadi maswali 9, na ndicho kinachotumika zaidi katika tafiti.

Ari isichanganywe na kuridhika. Mtu anaweza kuridhika kabisa kwa sababu mshahara unaingia kwa wakati na hakuna anayemfuatafuata, na bado asiwe na ari hata chembe.

Uhusiano wa kipaji na ari umepimwa mara nyingi. Marianne van Woerkom na wenzake, Uholanzi, waliwafuatilia wahandisi wa ujenzi wiki baada ya wiki. Wiki ambayo mhandisi alitumia vipaji vyake zaidi ndiyo wiki aliyojiamini zaidi, na kujiamini huko kukaenda pamoja na ari. Hapa mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, wiki hii na wiki ile, wala si mchapakazi na mvivu. Maana yake ari hupanda na kushuka ndani ya mtu yuleyule kulingana na alichopewa kufanya, na msimamizi anayesema "huyu ndivyo alivyozaliwa" anakosa nusu ya habari.

Tahadhari moja inastahili kusemwa. Sehemu kubwa ya tafiti hizi hutegemea watu kujieleza wenyewe, na mambo huenda pande zote mbili: mwenye ari tayari hujitafutia nafasi ya kutumia kipaji chake. Kwa hiyo usitarajie kwamba ukimpa mtu kazi anayoiweza Jumatatu, Ijumaa atakuwa mtu mwingine.

Vigezo vinne

Kwa kila njia natazama: gharama na muda, inavyogusa ari, inapoharibika, na inamfaa nani. Sikuweka matokeo ya kazi kama kigezo cha peke yake kwa sababu yanajitokeza ndani ya hivyo vinne.

Njia ya kwanza: kuziba mapengo

Hii ndiyo tuliyoizoea. Tathmini inafanyika, mapungufu yanaandikwa, mtu anapelekwa semina. Tanzania, OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilipoanza mwaka 2004 na kuziondoa zile taarifa za siri ambazo msimamizi aliziandika kuhusu mtumishi, ilikuwa hatua kubwa ya haki: mfanyakazi alikaa na msimamizi wake wakakubaliana malengo uso kwa uso. Sasa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kusimamia utendaji wa watumishi wa umma, imeshika nafasi hiyo. Walimu wa Kenya wanaijua TPAD, tathmini ya utendaji ya tume yao ya walimu, TSC. Mifumo hii inaweza kubeba mazungumzo ya vipaji bila shida, ila kwa mazoea yetu mazungumzo huishia kwenye kile kisichofikiwa.

*Gharama na muda.* Ada ya semina, posho, nauli, na siku za kutokuwepo kazini. Ni rahisi kuitetea kwenye bajeti kwa sababu risiti na vyeti vinaonekana.

*Inavyogusa ari.* Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Karani ambaye hesabu zake hazifungi kila jioni anaishi na hofu, na ukimfundisha mpaka zifunge, umemwondolea mzigo uliokuwa ukila nguvu zake zote. Kwa mtu wa namna hiyo kuziba pengo ni kumrudishia pumzi. Lakini ukishafika kiwango cha kutosha, faida hupungua haraka. Asiyependa takwimu, akipelekwa semina ya tatu ya takwimu, atarudi na cheti na moyo uleule.

*Inapoharibika.* Pale ambapo mtu hasikii lolote kuhusu anachokifanya vizuri. Mwaka mzima jina lake linatajwa likiambatana na upungufu tu, na taratibu anajifunza kujificha, jambo lilelile aliloliona Kahn.

*Inamfaa nani.* Kazi ambazo kosa linaumiza watu au fedha: dawa, umeme, udereva, hesabu. Inamfaa pia mfanyakazi mpya asiyejua bado misingi. Hapo kipaji kinasubiri.

Njia ya pili: msimamizi agawe kazi kwa vipaji

Hapa msimamizi anawatazama watu wake, anatambua nani anang'aa wapi, kisha anagawa upya majukumu ndani ya kitengo. Nafasi na mishahara haiguswi. Kinachoguswa ni nani anafanya nini siku gani.

Chukua kituo cha afya chenye wauguzi wanne. Wote wamesomea mambo yaleyale na wote wanazunguka zamu sawasawa. Lakini mmoja hawezi kuvumilia leja isiyokaa sawa. Joto la friji ya chanjo analiandika asubuhi na jioni bila kukumbushwa, na ukimwuliza chupa ngapi zimebaki anajibu kabla hujamaliza. Mwingine, friji humkwaza, ila mpe benchi la kina mama saa mbili asubuhi afundishe lishe, na wale waliokuja wakinuna wanaanza kuuliza maswali. Mkuu wa kituo mwenye macho atamwongezea wa kwanza chanjo na stoo, wa pili elimu ya afya na ushauri, kisha zamu za usiku na wodi ziendelee kugawanywa kwa usawa. Hakuna aliyesamehewa kazi ngumu. Kila mmoja amepata saa chache kwa wiki anazozitazamia.

*Gharama na muda.* Fedha karibu hakuna. Gharama ni umakini wa msimamizi: kutazama, kuuliza, kupanga ratiba, na kuipanga tena mtu akienda likizo ya uzazi. Wengi huishia njiani kwa sababu hii.

*Inavyogusa ari.* Mtu akiona kazi yake inatazamwa kwa uwezo wake, anasikia ameonekana. Utafiti mwingine wa van Woerkom, akiwa na Arnold Bakker na Lisa Nishii, ulifanywa katika taasisi ya huduma za afya ya akili Uholanzi, kazi inayochosha mwili na roho pamoja. Pale ambapo mzigo wa kazi na mzigo wa hisia vyote vilikuwa vikubwa, vitengo vilivyowasaidia watu kutumia vipaji vyao vilipata utoro mdogo wa kazini kuliko vile visivyowasaidia. Natamani kila mganga mfawidhi alijue hili, kwa sababu mzigo mara nyingi hana uwezo wa kuupunguza, ila mgawanyo wa majukumu anao mkononi.

*Inapoharibika.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mipango mingi mizuri hufia.

Kwanza, kuweza kitu si sawa na kukipenda. Kila ofisi ina yule kijana anayejua kompyuta. Amekuja kama afisa mipango, lakini kwa kuwa anaiweza Excel, anaingiza takwimu za idara tatu, anarekebisha printa, anaandaa slaidi za bosi usiku wa Jumapili. Ukimwambia bosi kwamba anamchosha, atajibu anamtumia kwa kipaji chake. Kijana mwenyewe anaichukia kazi hiyo. Watafiti wa vipaji kama Alex Linley wamesisitiza kwamba uwezo unaostahili kuitwa kipaji ni ule unaomwongezea mtu nguvu akiutumia. Kwa hiyo maswali ni mawili, na lazima yaulizwe pamoja: unakiweza? Na ukikimaliza unajisikia umechoka au umechangamka?

Pili, mazoea ya kijamii hujivika joho la kipaji. Katika vikao vingi mwanamke ndiye "mzuri wa kuandika muhtasari" na "anajua kupanga ukarimu", wakati mwanaume wa ngazi ileile ndiye "mzuri wa kuongea na wafadhili". Miaka mitano baadaye mmoja ana marafiki wakubwa, mwingine ana mafaili. Msimamizi anayegawa kwa vipaji ajikague: je, kazi zinazopandisha watu vyeo zimeangukia wapi?

Tatu, kipaji kikizidishwa kinageuka kero. Robert Kaplan na Robert Kaiser waliandika mwaka 2009 kuhusu viongozi walioharibu kwa kuzidisha jambo lilelile waliloliweza. Mwenye ujasiri wa kusema ukweli, akiachiwa tu aseme, anawaumiza wenzake. Mpenda undani hamalizi ripoti.

*Inamfaa nani.* Kitengo cha watu wasiopungua watatu au wanne wanaoweza kubadilishana majukumu, na msimamizi anayekaa nao kila siku. Msimamizi anayewaona watu wake mara moja kwa mwezi atagawa kwa kubahatisha.

Njia ya tatu: mfanyakazi aichonge kazi yake

Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu watu wanaobadilisha kazi zao kimyakimya kutoka ndani. Walizungumza na wasafishaji wa hospitali Marekani. Baadhi walieleza kazi yao kama orodha ya kupiga deki na kumwaga taka. Wengine, wenye mkataba uleule, walijiona ni sehemu ya uponyaji: walizungumza na wagonjwa wasiotembelewa, waliwaelekeza ndugu waliopotea njia. Mmoja, katika wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu, alikuwa akihamisha picha za ukutani mara kwa mara akitumaini mabadiliko hayo yatawafikia kwa namna fulani. Hakuna aliyemtuma.

Mtu anaweza kuchonga vitu vitatu: kazi zenyewe, watu anaoshirikiana nao, na jinsi anavyoitazama kazi yake.

*Gharama na muda.* Mwajiri halipi kitu, labda nusu siku ya mafunzo. Mfanyakazi hulipa kwa bidii na wakati mwingine kwa ujasiri, kwa sababu kubadilisha utaratibu kunaweza kuonekana kama kujitutumua.

*Inavyogusa ari.* Kwa walio na nafasi, ndiyo njia inayodumu, kwa sababu haimtegemei bosi atakayehamishwa mwakani. Dorien Kooij na wenzake waliendesha mafunzo ya kuelekeza kazi kwenye vipaji, wakachapisha matokeo mwaka 2017: katika upande huo wa vipaji, walionufaika zaidi ni wafanyakazi wenye umri mkubwa. Inaeleweka. Mtu wa miaka hamsini amekwisha kujua anaweza nini na hana haja ya kumwiga mtu. Amekosa tu ruhusa. Sehemu nyingi huku kwetu watu hao huwekwa pembeni wasubiri kustaafu, nami naona ni hasara kubwa ya wazi.

*Inapoharibika.* Mfanyakazi akichagua yale matamu tu, machungu yanawaangukia wenzake. Mwalimu anayejikita kwenye klabu ya sayansi na kukwepa zamu ya jikoni na ya mabweni anawachosha walio naye. Na mahali ambapo kila hatua inahitaji sahihi, au pale bosi anaposikia "naomba nijaribu" kama changamoto kwa mamlaka yake, njia hii humweka mtu hatarini. Usalama ule aliousema Kahn lazima utangulie.

*Inamfaa nani.* Mwenye uzoefu, mwenye uhuru wa kupanga siku yake: mwalimu, afisa ugani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwandishi wa habari, fundi. Haimfai aliye kwenye mstari wa kiwanda ambapo mashine ndiyo inayopanga kasi, isipokuwa kwenye uhusiano na wenzake. Wala haimfai mgeni kazini.

Vipi kuhusu madodoso ya vipaji?

Wengi huanza hapa, kisha huishia hapa. Dodoso la VIA, lililotokana na kazi ya Christopher Peterson na Martin Seligman mwaka 2004, lina sifa 24 za tabia kama udadisi, wema na uvumilivu, na toleo lake la msingi ni la bure mtandaoni. CliftonStrengths, dodoso la kampuni ya Gallup ya Marekani, ina vipaji 34, inalipiwa, na imeandikwa kwa lugha ya ofisini zaidi. Njia nyingine haina dodoso: watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliunda zoezi ambalo unawaomba watu wanaokufahamu, kazini na nyumbani, wakuandikie kisa cha siku ulipokuwa katika ubora wako, kisha unatafuta yanayojirudia. Kwa mazingira yetu nalipenda hili la mwisho. Watu wetu husimulia vizuri kuliko wanavyojaza visanduku, na kisa hubeba ushahidi ndani yake. Ila mwenye kipaji asiyeelewana na wenzake ataletewa visa vichache, kwa hiyo lisitumike peke yake kuamua nani apewe nini.

Chombo chochote kati ya hivi ni msaada wa njia ya pili au ya tatu. Kikiwa peke yake, karatasi hurudi kwenye faili.

Je, lazima uchague moja?

Van Woerkom na watafiti wa Afrika Kusini, wakiwemo Karina Mostert na Crizelle Els, walitengeneza kipimo kinachotazama mambo mawili kwa pamoja: kutumia vipaji na kurekebisha mapungufu, kwa upande wa mwajiri na kwa upande wa mfanyakazi mwenyewe. Hayo mawili hayapingani. Mahali pa kazi panaweza kuwa na yote, au moja, au pasiwe na lolote. Ugomvi wa "vipaji au mapungufu" ni mkubwa zaidi kwenye majukwaa ya wahamasishaji kuliko kazini. Kinachobaki kuamuliwa ni uanze na lipi, na kwa nani.

Kwa hali yako

Ikiwa kosa moja linaweza kumdhuru mgonjwa, abiria au mwanachama wa SACCOS, ziba pengo kwanza hadi kiwango cha usalama. Kikishafikiwa, acha semina, geukia mgawanyo wa kazi.

Ikiwa wewe ni mkuu wa kitengo mwenye watu wachache na bajeti sifuri, anza na njia ya pili, na uanze na saa mbili au tatu kwa wiki kwa kila mtu badala ya kupangua kila kitu. Waulize yale maswali mawili. Kazi zisizopendwa na yeyote ziorodheshwe hadharani na zizungushwe kwa zamu, ama sivyo mnyamavu ndiye atakayezibeba.

Ikiwa watu wako ni wazoefu na wewe ni mgeni kwao, wape nafasi waseme wangependa kuchonga nini. Wewe hujawaona vya kutosha kugawa. Weka mipaka iliyo wazi: yasiyoguswa ni yapi, yanayojadiliwa ni yapi.

Ikiwa wewe ndiye mfanyakazi na bosi hana habari na haya, chagua jambo moja dogo lisilohitaji sahihi ya mtu, linalomsaidia na yeye. Lifanye kwa mwezi au miwili, kisha mpelekee likiwa tayari lina matokeo, kwenye kikao cha nusu mwaka cha tathmini. "Naomba nibadilishiwe majukumu" hupokelewa tofauti sana na "hiki nilichokuwa nikikifanya kila Alhamisi kimepunguza foleni, naomba kiingie kwenye malengo yangu".

Ikiwa mahali pako watu wanaogopa kusema, au mishahara imechelewa miezi, usianze na chochote kati ya haya matatu. Mfanyakazi asiyejua atakula nini atakisikia kipaji chake kama mbinu ya kumkamua. Lipa, sikiliza malalamiko, rudisha imani. Mazungumzo ya vipaji yafanyike robo inayofuata.

Na ikiwa una fedha za jambo moja tu mwaka huu, waulize wasimamizi wako wa ngazi ya kati kama wanaweza kutaja, kwa kila mtu aliye chini yao, kazi moja anayoifanya akachangamka. Wanaoweza kutaja wape ruhusa ya kupanga ratiba upya. Kwa wasioweza, fedha hiyo itumike kuwafundisha wao kukaa na watu wao, kabla ya kumnunulia mtu yeyote dodoso.